Unga wa Muhogo: Ulowanishe Kabla ya Kusonga

Unga wa muhogo unaweza kuwa mweupe, laini, usio na harufu, na bado ukabeba sumu ya sayanidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 sumu hiyo ilileta ugonjwa wa konzo Mtwara na wilayani Mbinga, ambayo wakati huo ilishuka hadi Ziwa Nyasa. Mtoto aliyekuwa mzima hukaza miguu yote miwili ghafla. Akiweza kutembea, hutembea kwa ncha za vidole, magoti yakigongana, na ulemavu huo hauponi. Huwapata zaidi watoto na kina mama wa umri wa kuzaa. Konzo si polio, haiambukizi, wala hakuna aliyerogwa. Mgonjwa asitengwe.

Mvua zikikosekana hatari hupanda. Muhogo, hasa ule mchungu, huongeza sumu wakati wa ukame, na njaa nayo hutuharakisha: tunamenya, tunaanika, tunatwanga. Makopa ya kuanikwa tu hubaki na sumu nyingi. Kama maji yapo, loweka muhogo uliomenywa siku 3 au zaidi, hadi ulainike, ndipo uanike.

Wataalamu hupima kwa karatasi ya njano ya pikirati. Huifungia kwenye kichupa chenye unga na maji hadi kesho yake. Ikigeuka kahawia, sumu ipo. Kiwango salama hakizidi miligramu 10 kwa kilo ya unga. Nyumbani karatasi hiyo hatuna, na ulimi si kipimo cha kuaminika. Basi kila unga wa makopa ulowanishe.

Mimina unga kwenye bakuli, usawazishe bila kushindilia, uweke alama ulipofikia. Tia maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda; ukirudi kwenye alama, acha. Utandaze kwenye mkeka, unene usizidi sentimita 1, kwa saa 2 juani au kwa saa 5 kivulini. Sumu hutoka kama hewa, kwa hiyo fanya kazi hii nje. Songa ugali siku hiyohiyo, maana unga mbichi ukilala huharibika.

Kitoweo nacho ni kinga: protini ya dagaa wa usipa na maharage huusaidia mwili kuivunja sumu. Tunajua usipa ndio ada ya shule na sabuni. Hata hivyo, kabla mchuuzi hajafunga gunia, watengee watoto sehemu yao.

Mtoto akisema miguu mizito, au akianza kujikwaa, acheni unga huo mara moja, mpelekeni zahanati, na mbebe unga kidogo wa kuonyesha.