Ukienda likizo Amana, dawa zako zisiende likizo

Mzazi anapoalikwa na mwanawe aliyeko Marekani aende akapumzike, jamaa hushughulikia kwanza pasipoti, viza na sanduku. Afya hukumbukwa siku mbili kabla ya ndege kuondoka, tena kwa pupa. Wiki hii tutaizungumzia likizo ya aina hiyo, na mfano wetu ni vijiji vya Amana katika jimbo la Iowa, mahali tulivu ambapo watoto wanaoishi Iowa City au Cedar Rapids wanaweza kuwapeleka wazazi wao.

Amana ni vijiji saba vya Wajerumani. Wazee wao walikuwa wafuasi wa dhehebu la Kikristo lililoanza Ujerumani mwaka wa 1714. Waliposumbuliwa kwa sababu ya imani yao walivuka bahari katika miaka ya 1840, wakakaa karibu na mji wa Buffalo, kisha kuanzia 1855 wakahamia Iowa. Huko waliishi kwa ujamaa wa kweli. Ardhi ilikuwa ya wote, hakuna aliyelipwa mshahara, chakula kilipikwa katika majiko ya pamoja na matibabu yaligharimiwa na jumuiya. Mfumo huo ulivunjwa mwaka wa 1932, lakini kanisa lao na nyumba zao za matofali na mawe zingalipo. Usiwachanganye na Waamish wanaosafiri kwa magari ya farasi. Hawa wa Amana hawana ugomvi na umeme. Kiwanda cha friji kilichoanzishwa hapo 1934 ndicho kilicholitangaza jina la Amana kote Marekani.

Kwa mtu aliyechoka, mahali hapa pana faida. Kuna njia ya miguu ya takriban kilomita 5 inayounganisha kijiji cha Amana na cha Middle Amana, ikipita kando ya ziwa ambalo mwezi wa Julai hujaa maua ya yungiyungi. Njia ni tambarare, kwa hiyo hata mtu wa miaka sabini mwenye magoti mabovu anaweza kutembea kipande chake kila asubuhi. Nenda kati ya Mei na Oktoba. Baridi ya Iowa mwezi wa Januari si ya kujaribiwa na mtu mwenye pumu au ugonjwa wa moyo.

Basi tuanze na ndege. Safari kutoka Nairobi hadi Iowa, pamoja na kungojea viwanjani, huchukua karibu siku nzima. Mtu anapokaa kitako saa nyingi, damu hulala katika mishipa ya miguu na inaweza kuganda. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka wa 2007 kwamba safari ya zaidi ya saa 4 huongeza hatari hiyo takriban mara mbili. Ni watu wachache wanaopatwa, lakini bonge la damu likisafiri hadi mapafuni linaweza kuua. Simama na utembee kila baada ya saa moja au mbili, chezesha vifundo vya miguu, kunywa maji. Miguu yote miwili ikivimba kidogo, mara nyingi ni uchovu wa safari, au ni baadhi ya dawa za presha. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, hata wiki mbili baada ya kufika, nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Ukianza kuhema au kuhisi maumivu kifuani, mwambie mwanao apige simu 911.

Kuna tabia moja inayonisumbua sana. Mgonjwa wa presha huacha tembe za kukojoza siku ya safari kwa kuogopa foleni ya choo cha ndege, na akifika anaona yuko sawa, anaendelea kuziacha. Presha haina kelele, na wengine huanguka kwa kiharusi wakiwa hawajahisi lolote. Kama tembe hizo zinakutaabisha, muulize daktari wako kabla ya kusafiri kama unaweza kuzimeza saa nyingine.

Wenye kisukari wana hesabu ya ziada. Iowa iko nyuma yetu kwa saa 8 wakati wa kiangazi chao na saa 9 wakati wa baridi, hivyo siku ya kwenda huwa ndefu kupita kiasi. Anayedungwa insulini amwone daktari wiki mbili kabla ili apangiwe vipimo vya siku hiyo. Insulini hukaa ndani ya mkoba wa mkononi, kamwe si katika sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, maana inaweza kuganda kwa baridi na kuharibika. Beba barua ya daktari na dawa zote za muda wa likizo, na chache za akiba, zikiwa katika paketi zake.

Sasa chakula, na hapa ndipo Amana ina vishawishi. Mikahawa ya huko huleta mabakuli makubwa mezani, kila mtu anajipakulia: soseji, nyama ya nguruwe iliyokaushwa, viazi, kabichi iliyochachushwa kwa chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isiyozidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na mlo mmoja kama huo unaweza kuimaliza. Onja soseji moja, kisha ujaze sahani mboga zisizotiwa chumvi. Sitaki kukutisha, nyama za viwandani ziliwekwa mwaka wa 2015 katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani ya utumbo, lakini onyo hilo linamhusu hasa anayezila kila siku. Anayetumia warfarini asianze ghafla kula kabichi nyingi kila siku, kwani inaweza kupunguza nguvu za dawa. Mvinyo wa huko, hata ule wa matunda, ni pombe: anayetumia insulini akiunywa bila kula, sukari inaweza kushuka usiku akiwa amelala.

Ukitembea nyasini au msituni, vaa suruali ndefu na ujikague jioni. Kupe wa sehemu hizo hueneza ugonjwa wa Lyme. Mara nyingi kupe huhitaji kunyonya zaidi ya saa 24 kabla ya kuambukiza, kwa hiyo mng'oe mapema kwa kibano, ukimvuta moja kwa moja. Doa jekundu linalopanuka katika siku 3 hadi 30 linahitaji dawa.

Hatari kubwa zaidi huenda tunaibeba wenyewe kutoka nyumbani. Ukishikwa na homa ndani ya miezi mitatu baada ya kuondoka Kenya, usikubali kuambiwa ni mafua kabla ya damu kupimwa malaria. Daktari wa Iowa huenda hajaona mgonjwa wa malaria kwa miaka mingi na hatauliza asipoambiwa. Sema mara tu unapoingia: "Nimetoka Kenya, nipimeni malaria." Malaria ya kwetu inaweza kumlaza mtu mahututi kwa siku chache tu. Hospitali kubwa ya chuo kikuu iko Iowa City, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari.

Nunua bima ya safari kabla ya kuondoka, na uulize waziwazi kama inalipia ugonjwa ulio nao tayari, nyingi hazilipi. Usiku mmoja hospitalini Marekani unaweza kugharimu maelfu ya dola, na bili itamwangukia mwanao. Ukitibiwa huko, omba karatasi zote na uzilete kwa daktari wako, pamoja na paketi za dawa mpya, maana dawa ile ile huuzwa huko kwa jina jingine na mgonjwa anaweza kujikuta akimeza mbili za aina moja.