Kuchemsha Hakuondoi Floraidi: Pima Maji ya Kisima Chako

Msomaji, kama wewe ni mkazi wa Ndithini au sehemu nyingine kavu za Ukambani, huenda maji yako hutoka katika kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine. Kuyachemsha ni jambo jema, kwani moto huua viini vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini moto hauondoi madini ya floraidi. Mvuke hutoka, floraidi ikabaki sufuriani.

Floraidi hutoka wapi?

Hutoka katika miamba. Maji yakikaa chini ya ardhi muda mrefu huyayusha madini hayo. Visima vyote havilingani, hata vya kijiji kimoja. Usitegemee ulimi: maji ya chumvi si lazima yawe na floraidi nyingi, na matamu yanaweza kuwa nayo.

Madhara yake ni nini?

Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Ikizidi, meno ya watoto hupata madoa ya kahawia. Walio hatarini zaidi ni watoto chini ya miaka minane, kwa sababu meno yao ya ukubwani yangali yanaundwa ndani ya ufizi. Madoa hayo hayatoki kwa mswaki, basi usimgombeze mtoto kwamba ni mchafu. Ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa hudhurika na viungo hukakamaa.

Huondolewaje?

Njia moja ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, iliyochomwa kwa hewa kidogo na kusagwa. Maji yakipita humo, floraidi hunaswa. Njia hii imetumika Nakuru nchini Kenya, na Ngurdoto karibu na Arusha, Tanzania. Mkaa huo huchoka, na ni lazima ubadilishwe.

Ipo pia mitambo inayosukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba. Huondoa floraidi na chumvi pia, lakini huhitaji umeme na humwaga sehemu ya maji.

Huko Arusha, Dkt. Askwar Hilonga alibuni chujio la mchanga na chembe ndogo mno, akatuzwa mwaka 2015 kwa ubunifu wa uhandisi barani Afrika. Chembe hizo huandaliwa kulingana na sumu iliyomo katika maji ya mahali husika. Kwa hiyo hata ufundi huu mpya huanza kwa kupima.

Ufanye nini?

1. Kamati ya kisima ipeleke maji maabara, na iulize kiasi cha floraidi.
2. Ikizidi, maji hayo yafulie nguo na kuogea.
3. Kinga mvua ya Oktoba hadi Desemba kutoka paa safi la mabati. Maji ya mvua hayana floraidi ya miamba. Yachemshe, kisha wape watoto kwanza.
4. Ukinunua chujio, uliza kama linaondoa floraidi, na hubadilishwa lini.

Jino likishaharibika halirudi. Pima kabla ya kunywa.