Msaidizi wa Sauti Anakumbuka Nini Ukimaliza Kuongea?

Umewahi kuongea na msaidizi wa sauti kwenye simu jioni, halafu asubuhi unamwambia "tuendelee" na anajua mlikofika? Inarahisisha kazi. Lakini kama unapanga pesa zako kwa njia hii, ni vizuri ujue kumbukumbu hiyo hukaa wapi.

Inavyofanya kazi

Mara nyingi sauti yako hugeuzwa kuwa maandishi. Akili bandia inayokujibu haibaki na chochote kichwani. Ni aplikesheni ndiyo huhifadhi mazungumzo, au muhtasari wake, kwa kawaida kwenye seva za kampuni. Ukirudi kesho, muhtasari huo husomwa kwanza ndipo ujibiwe. Ni kama daftari la duka: muuzaji mpya akiingia, analifungua na kujua nani ana deni.

Mambo matatu ya kuangalia

1. Daftari linaweza kuwa la zamani. Tuseme Jumatatu ulimtajia namba ya mtu anayekuletea nyanya. Alhamisi mtu huyo amebadilisha laini. Ukisema "nipe ile namba ya nyanya", utapewa ya zamani, na pesa zinaweza kwenda kwa mtu usiyemjua. Soma jina kwenye skrini kabla ya kukubali malipo yaende, kila mara.

2. Anayeshika simu anaweza kuuliza. Kama simu yako inatumiwa na watu wa nyumbani, yeyote anaweza kusema "jana tuliongea nini?" na kuelezwa habari za chama chako au mkopo wako. Funga simu kwa neno la siri.

3. Ukiitamka siri, imeandikwa. Usimtajie PIN wala nambari ya uthibitisho iliyokuja kwa SMS, hata kama unataka tu akukumbushe baadaye.

Jinsi ya kufuta

Ingia kwenye mipangilio ya aplikesheni, utafute historia ya mazungumzo na pia kumbukumbu. Mara nyingi hivi ni vitu viwili tofauti. Kwenye ChatGPT, kwa mfano, kufuta mazungumzo hakufuti kumbukumbu zilizohifadhiwa kando, kwa hivyo futa kote kuwili.

Hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona data inayokuhusu na kuomba data isiyo sahihi irekebishwe au ifutwe. Usiporidhika, unaweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Na je, kama tayari ulishataja PIN yako? Usianze na kufuta. Badilisha PIN kwanza, leo hii, halafu ndio ufute. Hapo hata kama nakala imebaki mahali, haitamsaidia mtu kufungua akaunti yako.