Kikohozi cha Mtoto na Dawa za Antibiotiki

Katika mtaa wa Huruma, upande wa mashariki wa Nairobi, jamaa nyingi hukaa katika majumba ya orofa, kila jamaa chumba kimoja. Mtoto mmoja akishikwa na mafua, baada ya siku chache wenzake wote wa chumba hicho hupiga chafya. Mama huona mwanawe hakulala usiku. Kwenda zahanati huenda kukampotezea siku nzima, na kibarua cha siku hiyo ndicho chakula cha jioni. Basi hupita kwenye duka la dawa, akanunua chupa ya dawa ya maji au tembe chache za rangi mbili, kwa kadiri ya fedha alizo nazo. Mama huyo si mzembe, ni mtu aliyebanwa. Lakini mara nyingi fedha hizo hupotea bure, na sababu yake yafaa ielezwe.

Magonjwa ya njia ya pumzi huletwa hasa na vijidudu vya namna mbili. Bakteria ni viumbe vidogo mno vyenye ukuta wao wenyewe. Penisilini, na ndugu yake amoksilini, huzuia ukuta huo usijengeke, hata bakteria wakapasuka na kufa. Virusi hawana ukuta wa namna hiyo. Huingia ndani ya seli za mwili wa mtu na kuzaana humo. Basi dawa ya kuvunja ukuta itavunja nini pasipo na ukuta? Mafua, na vikohozi vingi vya watoto, huletwa na virusi, navyo hupona vyenyewe, ijapokuwa kikohozi chaweza kukawia hata wiki mbili au tatu. Mtoto akinyweshwa dawa siku ya tatu na kupata nafuu siku ya saba, dawa husifiwa, kumbe nafuu ilikuwa njiani.

Hasara si ya fedha tu. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mjini London mwaka 1928, alitoa onyo alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945. Alitoa mfano wa mtu mwenye maumivu ya koo aliyejinunulia penisilini na kutumia kidogo, isiyotosha kuua vijidudu bali kuvifundisha kuistahimili. Akamwambukiza mkewe, naye alipopata nimonia dawa ikashindwa, akafa. Mfano huo wafaa sana mahali ambapo watu hulala chumba kimoja. Mwaka 2019 watu zaidi ya milioni moja ulimwenguni walikufa kwa sababu ya bakteria waliozoea dawa. Nchini Kenya sheria yataka antibiotiki ziuzwe kwa cheti cha daktari, na mwaka 2017 serikali ilitoa mpango wa taifa juu ya jambo hili. Lakini dirishani pa duka, jioni, cheti huulizwa mara chache.

Hata hivyo, nimonia ya bakteria huua watoto, na huyo mwenye nimonia asinyimwe dawa. Mama aweza kuanza kuitambua kwa saa au simu yenye kuonyesha sekunde. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, na ahesabiwe pumzi kwa dakika moja kamili. Mwenye umri wa miezi 2 hadi 11 akifikia pumzi 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikia 40, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Ikiwa sehemu ya chini ya kifua yabonyea ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, au ana degedege, au amelegea haamki, ni hospitali mara moja, hata usiku. Mtoto wa chini ya miezi 2 aliye mgonjwa asingojewe kabisa. Mganga akiandika amoksilini, mtoto apewe kipimo na siku zilizoandikwa. Isigawiwe kwa ndugu zake.

Asiye na dalili hizo aendelee kunyonya na kunywa maji ya vuguvugu. Aliyepita mwaka mmoja aweza kulambishwa asali kidogo. Wa chini ya hapo asipewe. Jiko la makaa litolewe nje ya chumba. Chanjo ya kukinga nimonia, iliyoanza kutolewa nchini Kenya mwaka 2011, huchomwa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Na mtu yeyote nyumbani ambaye kikohozi chake kimepita wiki mbili aende kupimwa kifua kikuu, kwani dawa zake hutolewa bure katika zahanati za serikali.