Nesi Akisimamishwa Njiani Aseme Nini?

SOMO LA WIKI
Maandiko ya kusoma kabla ya ushirika wa Jumatano: Kutoka 1:15–21, Luka 3:10–14, Matendo 16:35–40, Matendo 22:22–29.

Somo hili nilikuwa na deni nalo tangu mwaka wa 2021. Nilipaswa kulifundisha Jumapili ile niliyoulizwa swali, nikalikwepa. Leo nalilipa.

Dada mmoja katika ushirika wetu ni nesi. Wodini wanamwita sista, sisi hapa tunamwita dada, na kule kwenye zahanati akina mama wanamwita daktari, maana daktari mwingine hawamwoni. Mnakumbuka mwaka ule. Kuanzia Juni 18, 2021, serikali iliziwekea masharti makali zaidi kaunti 13 za ukanda wa ziwa na magharibi kwa sababu korona ilikuwa imepanda huku kwetu. Homa Bay na Migori zote mbili zilikuwa kwenye orodha. Kwingine Kenya kafyu ilikuwa ikianza saa nne usiku, lakini sisi ilikuwa saa moja jioni, kabla hata omena haijaiva, hadi saa kumi alfajiri.

Usiku mmoja wa majira yale dada alipigiwa simu saa mbili. Mwenzake wa zamu alikuwa ameanguka mgonjwa, na kwenye zahanati kulikuwa na akina mama wawili wenye uchungu. Akavaa sare, akaita bodaboda wa kuaminika, wakatoka. Barabara sitaitaja wala kizuizi sitakitaja. Wakasimamishwa.

“Afande, mimi ni nesi, naenda zamu.”

“Sare hata fundi wa sokoni anashona, madam. Barua iko wapi?”

Akatoa kitambulisho cha kazi. Kikamulikwa kwa tochi mbele na nyuma, akaambiwa hakina stempu. Bodaboda akaambiwa azime injini na atoe ufunguo. Dakika zikaenda. Simu ya dada ikawa inalia, ni zahanati, na alipotaka kuipokea akaambiwa angoje. Karibu saa nzima hivi. Mwishowe bodaboda akamnong'oneza, “Sista, toa tu kitu kidogo twende.” Akatoa shilingi 200. Ufunguo ukarudi hapo hapo, na stempu haikuulizwa tena.

Alipofika, mama mmoja alikuwa amejifungua na anatokwa na damu nyingi. Wale mnaofanya kazi hiyo mnajua: mama mwenye afya nzuri anaweza kuondoka ndani ya saa mbili kwa damu ya baada ya kuzaa. Mungu ni mwema, yule mama alipata sindano, akapelekwa hospitali kubwa, akaishi. Lakini Jumapili dada alinifuata baada ya ibada, akaniuliza, “Pasta, zile mia mbili, nilitenda dhambi?”

Mimi nikamjibu, “Shukuru Mungu ulifika.”

Hilo halikuwa jibu. Lilikuwa njia ya kuwahi chakula cha mchana. Aliniuliza swali la dhamiri nami nikampa sahani ya faraja, na nilimwona usoni kwamba amejua.

Sasa tufungue Neno. Katika Matendo 22 Paulo yuko Yerusalemu, mikononi mwa askari. Jemadari ameamuru apigwe mijeledi ili aseme kosa lake, na wameshamfunga kwa kamba. Angalia anachofanya. Hatukani. Hakemei pepo la Rumi. Wala hatafuti kitu mfukoni. Anamwuliza akida aliyesimama karibu naye kama sheria inawaruhusu kumpiga raia wa Rumi ambaye hajahukumiwa. Ni swali moja, tena kwa sauti ya kawaida. Akida anakwenda kwa mkubwa wake, mkubwa anakuja mwenyewe, na wale waliokuwa tayari kumpiga wanarudi nyuma. Mstari wa 29 unasema hata jemadari aliingiwa na hofu.

Kuna wapendwa wanaofundisha kwamba mtu wa imani hadai haki zake. Wanasema mwachie Bwana. Mimi naheshimu upole, lakini Paulo hakuwa na imani ndogo kuliko yetu. Alijua cheo chake mbinguni na alijua pia sheria ya duniani, na siku ya mijeledi alitumia ile ya duniani. Katika Matendo 16 kule Filipi alikuwa ameshapigwa na kulala gerezani ndipo akadai. Wakubwa wa mji walitaka atoke kimyakimya kwa mlango wa nyuma, akakataa, akataka waje wenyewe. Sijui kama aliudhika; msomaji na aamue. Ninachoona ni kwamba baada ya yeye kuondoka palibaki kanisa changa nyumbani kwa Lidia, na wakubwa wale sasa walijua kwamba watu hawa hawapigwi ovyo. Alipodai haki yake alikuwa anawakinga na waliobaki nyuma.

Tulete jambo hili nyumbani. Kafyu ya kwanza ilipoanza Machi 27, 2020, agizo lenyewe liliwaruhusu wahudumu wa afya kusafiri. Kwa hiyo dada hakuwa anaomba huruma barabarani. Tena Aprili 16, 2020, Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu, katika kesi iliyoletwa na Chama cha Mawakili, aliiacha kafyu isimame lakini akasema nguvu zile polisi walizotumia kuitekeleza zilivunja Katiba. Hayo yalikuwa yameshaamuliwa mwaka mzima kabla ya usiku ule wa tochi. Nesi hakujua. Mimi mchungaji wake sikujua. Afande labda alijua.

Kafyu ilikwisha Oktoba 20, 2021, siku ya Mashujaa. Vizuizi havikwisha. Manesi bado wanatoka zamu alfajiri au wanakwenda jioni, kutoka Rongo, Awendo, Ndhiwa, Mbita, Oyugis, wengi kwa bodaboda maana matatu za saa hizo ni za kubahatisha. Chuoni wanafundishwa kwamba sare ibaki kazini, isibebe vijidudu kwenda nyumbani. Lakini zahanati nyingi za kwetu hazina hata chumba cha kubadilishia nguo. Na wakati wa kafyu walijifunza kinyume, kwamba bila sare utalala kituoni. Ndiyo maana utawaona njiani nayo.

Hapa niseme na manesi wenyewe kidogo, msinikasirikie. Sare si helmeti. Sheria ya barabara inasema abiria wa bodaboda ni mmoja na avae helmeti. Ukipandwa watatu, wewe katikati na sare yako nyeupe, halafu afande akisimamisha unasema “unanizuia mimi nesi?”, hapo hujasimama kama Paulo. Paulo aliuliza swali lake akiwa hana kosa. Kama una kosa, kubali kosa, peleka faini mahali faini inapolipwa na upate risiti. Swali la Matendo 22 ni la mtu mwenye mikono safi.

Lakini ukiwa huna kosa, uliza. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 49, inasema anayekamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa, kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao anauhitaji, na afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa korti haiketi siku hiyo. Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 inamtaka askari mwenye sare avae jina au namba yake mahali panapoonekana. Dada akipekuliwa, apekuliwe na mwanamke, tena kwa heshima. Dhamana ya bondi haiuzwi, na ukilipa pesa taslimu za dhamana unapewa risiti na zinarudi kesi ikiisha. Ukionewa kuna IPOA, chombo cha raia cha kuwaangalia polisi. Kariri mambo haya kama unavyokariri Zaburi. Usiku barabarani hakuna atakayekuletea kitabu.

Na sauti ni muhimu. “Afande, naomba kujua kosa langu ni lipi, na jina lako ni nani, maana zahanati inanisubiri na nitahitaji kueleza kwa nini nimechelewa.” Sentensi moja tu. Isiwe kelele, na isiwe kamera ya simu usoni mwake, maana mtu aliyeaibishwa mbele ya wenzake mara nyingi hugeuka mkali.

Je, kila anayeuliza vizuri huachiliwa? La. Julai 2017, kwenye hospitali ya Chuo Kikuu cha Utah kule Marekani, nesi Alex Wubbels alimkatalia mpelelezi wa polisi aliyetaka damu ya mgonjwa aliyepoteza fahamu, bila kibali cha korti na bila ridhaa ya mgonjwa. Alikuwa ameshika karatasi ya utaratibu wa hospitali, anaisoma, mkubwa wake yuko kwenye simu. Akatiwa pingu akiwa na nguo za kazi, akatolewa nje analia. Baadaye mpelelezi yule alifutwa kazi na nesi akalipwa fidia ya dola 500,000. Lakini siku ile pingu zilimbana kama zinavyombana mtu yeyote. Paulo mwenyewe hakutoka huru Yerusalemu. Aliepuka mijeledi, minyororo ikabaki. Kwa hiyo sikuahidi kwamba ukisema maneno haya utapita. Wakati mwingine utachelewa, na kwenye zahanati kuna mama.

Ndipo tunarudi kwenye zile mia mbili, na hapa ndipo nilipokwama miaka yote hii. Kutoka 1 inatupa wakunga wawili, Shifra na Pua. Farao aliwapa amri ya kuua watoto wa kiume. Walimcha Mungu, wakawaacha watoto hai, na walipoitwa kujieleza wakampa Farao maelezo ambayo hadi leo wanatheolojia wanabishana kama yalikuwa kweli kamili. Mstari wa 20 unasema Mungu aliwatendea mema wakunga wale. Sisemi kwamba andiko hilo linahalalisha hongo. Kampuni ya mawe inayotoa hongo ili kupata tenda haiwezi kujificha nyuma ya Shifra. Lakini naona kwamba Mungu alianza kuhesabu kutoka kwa watoto waliopona.

Nikiulizwa leo ningemjibu dada hivi: aliyetoa ili mama asife alinyang'anywa, na dhambi ya unyang'anyi ina mwenyewe. Hata hivyo usizoee. Mara ya pili mkono utakwenda mfukoni kabla mdomo haujauliza swali, na nesi wa tatu na wa nne watalipia bei uliyoiweka wewe. Kwanza uliza. Na asubuhi, ukiwa salama, andika tarehe, saa, mahali na jina au namba, umpelekee mkubwa wako wa kazi. Pengine mtaniambia jibu hili nalo lina mashimo. Mniambie Jumatano.

Maana somo hili lina upande mwingine, nao unaketi kwenye viti vyetu. Katika Luka 3 askari walikwenda kwa Yohana mtoni wakamwuliza, na sisi je, tufanye nini? Yohana hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasimdhulumu mtu kwa nguvu wala kwa kumsingizia, na watosheke na mshahara wao. Angalia kwamba alitaja mshahara. Alijua kizuizi kinaanzia nyumbani, kwenye karo na kodi ya nyumba. Tunao mapolisi wanaoabudu nasi, na kwa miaka mingi tumewaombea ulinzi tu. Hatujawahi kuwauliza usiku wao ulikuwaje.

Mmoja wao nilimweleza kwamba ninaandaa somo hili. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, “Pasta, andika pia kwamba usiku ule wa kafyu hatukuwa na mtu wa kutuletea hata chai, na mkubwa alikuwa anauliza tumekamata wangapi.” Nikamwambia nitaandika. Hakuniambia kama yeye alichukua, nami sikumwuliza. Lakini aliuliza yule mama aliyetokwa damu aliendelea vipi, na mtoto wake ana miaka mingapi sasa.

Kwa ushirika wa Jumatano, vikundi vyote:

1. Paulo alidai haki kabla ya kupigwa kule Yerusalemu, na baada ya kupigwa kule Filipi. Wewe ungeona nini kigumu zaidi, na kwa nini?

2. Manesi, walimu, bodaboda: mwambieni mwenzenu mlichosema mara ya mwisho kwenye kizuizi, neno kwa neno. Msikipambe.

3. Mapolisi: ni maneno gani ya mwananchi yanayofanya iwe rahisi kwako kumwachilia bila kitu?

4. Ile mia mbili. Ungemjibuje dada?

Dada amekubali kuja kwenye kikundi cha kanisani. Afande naye amesema atakuja, kama hatapangiwa zamu.