Ritifaa katika Jina la Mgonjwa

Holili ni njia ya watu wa Tanzania na Kenya, na miongoni mwao wamo wagonjwa wenye majina kama Ng'ang'a.

Kwa kompyuta, jina ni mfuatano wa namba: N ni 78, g ni 103, a ni 97. Ritifaa iliyonyooka (') ni 39; iliyopinda (’), ambayo baadhi ya programu za kuandikia huiweka zenyewe, ni 8217. Lugha ya programu ilinganishapo mifuatano miwili, hukagua namba moja baada ya nyingine. Tofauti moja hutosha kuihesabu kuwa majina mawili. Nafasi tupu mwishoni mwa jina, yaani 32, huleta matokeo yaleyale.

Hatari yake ni ya kitabibu. Mgonjwa hufunguliwa jalada la pili, na onyo kwamba penisilini humdhuru hubaki katika la kwanza.

Kwa hiyo, kompyuta ikijibu kwamba jina halimo, mhudumu atafute kwa tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu kabla ya kufungua jalada jipya. Mgonjwa naye aje na kadi yake, na autaje mzio wake bila kungoja kuulizwa.