NANI ASHTAKIYE KWA NIABA YA SERIKALI?

Wasomaji waliopata kuingia mahakamani wamemwona afisa anayesimama mbele ya hakimu, akiwaita mashahidi na kuwauliza maswali. Huyo ndiye mwendesha mashtaka. Je, uwezo wake ameupata wapi? Si wake mwenyewe, bali amekabidhiwa. Yafaa kila raia ajue jinsi unavyokabidhiwa, maana usipokabidhiwa sawasawa haki ya watu hupotea.

Zamani uwezo wa kushtaki katika Kenya ulikuwa mikononi mwa Mwanasheria Mkuu. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 157, ilimpa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Afisa huyo huteuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge la Taifa, hutumika kwa muda wa miaka 8, wala hateuliwi tena. Aweza kuanzisha kesi ya jinai katika mahakama yo yote, isipokuwa mahakama ya kijeshi, wala hahitaji ruhusa ya mtu ye yote.

Lakini mtu mmoja hawezi kusimama Mombasa, Kisumu na Garissa kwa siku moja. Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana. Kwa hiyo Katiba imeruhusu kazi hiyo ifanywe na Mkurugenzi mwenyewe, au na maafisa walio chini yake wakifuata maagizo yake. Maagizo ni ya namna mbili: ya jumla, yahusuyo kesi nyingi, na maalum, yahusuyo jambo moja.

Mambo mawili yakumbukwe. Kwanza, aliyekabidhiwa hapati uwezo kumpita aliyemkabidhi. Mkurugenzi hawezi kuiondoa kesi bila ruhusa ya mahakama. Basi afisa wake naye hawezi. Na kesi ikiondolewa baada ya upande wa mashtaka kumaliza ushahidi wake, mshtakiwa huachiliwa huru kabisa. Pili, kukabidhi kazi si kuitupa. Mwenye shamba akimweka msimamizi, shamba lingali lake, na mavuno yakiharibika yeye ndiye ataulizwa.

Hasara ya kukosea ilionekana mwaka 2003. Sheria ya wakati ule haikuruhusu polisi aliye chini ya cheo cha Inspekta Msaidizi kuwa mwendesha mashtaka. Hata hivyo, kesi moja iliendeshwa na koplo. Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba kesi hiyo ilikuwa batili. Baada ya hapo wafungwa wengi walikata rufani kwa sababu iyo hiyo. Kosa la namna hiyo huwaumiza watu wawili. Aliyedhulumiwa huenda akalazimika kutoa ushahidi mara ya pili, au akamwona mshtakiwa akienda zake. Naye mshtakiwa huwa amefungwa kwa hukumu isiyo halali.

Kwa hiyo, msomaji, ukifika mahakamani kama mlalamikaji, shahidi au mshtakiwa, usione aibu kuuliza kwa adabu: "Bwana, ni nani anayeendesha mashtaka haya, naye ameruhusiwa na nani?" Swali hilo si utovu wa heshima. Mwenye idhini halali atalijibu pasipo taabu, na ni heri liulizwe siku ya kwanza kuliko kuulizwa katika rufani.